Je, wajua mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, humtambuaje anayeiba umeme?

Anayeruka mita, yaani anayevuta umeme bila kuupitisha kwenye mita, huhangaika kuficha waya. Huufukia kwenye plasta au huupitisha juu ya dari, kisha hulala akijua hakuna aliyeuona. Lakini mita haitafuti waya. Inapima mkondo, na mkondo hauna pa kujificha.

Umeme huingia nyumbani kwa waya wa moto na kurudi kwa waya wa nyutro. Kinachoingia ndicho kinachorudi. Mita nyingi za kisasa hupima nyaya zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtu akiuchepusha waya wa moto pekee, nyutro hubeba mkondo mkubwa kuliko unaopimwa upande wa moto. Mita huiona tofauti hiyo, huhesabu ule mkubwa na kuweka kumbukumbu ya tukio. Kifuniko nacho kina swichi ndogo ndani. Kikifunguliwa, mita huandika, na nyingi hukata umeme papo hapo.

Na aliyeruka nyaya zote mbili? Huyo hukamatwa kwa hesabu ya mtaa. Pale transfoma inapofungwa mita yake, uniti zilizopita hapo hulinganishwa na jumla ya zilizonunuliwa na wateja wake. Sehemu kidogo hupotea njiani kwa joto la nyaya, na mafundi wanajua kiasi cha kutarajia. Pengo likizidi hapo, kinachofuata ni kuangalia manunuzi ya nyumba moja moja. Tarehe 24 Novemba 2024 ilisaidia pia: siku hiyo hesabu ya muda ndani ya mita za tokeni, iliyoanza 1993, ilifika mwisho duniani kote. Mita ambayo haikuingizwa kwanza namba za kuisasisha haikuweza tena kupokea uniti mpya. Nyumba ambayo mita yake haikusasishwa, na taa zinawaka mwezi baada ya mwezi, inajieleza yenyewe.

Kinachonitia hofu zaidi kuliko hasara ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, ni ardhi. Wapo wanaovuta waya wa moto tu kutoka kwenye laini, halafu badala ya nyutro wanachimbia nondo uani. Umeme lazima urudi kwenye transfoma, basi hurudi kwa kupitia udongo. Chukua pasi ya wati 1000: ukinzani wake ni kama omu 53 kwenye volti 230. Nondo kwenye udongo mkavu yaweza kuwa na omu 50. Volti zinagawana karibu nusu kwa nusu, na nondo ile inayoonekana kama chuma cha kufungia mbuzi inabaki na volti zaidi ya 100. Mtoto akiishika anaweza kufa. Hata asipoishika, volti hupungua kadiri unavyoachana na nondo, kwa hiyo mguu mmoja unakuwa kwenye volti tofauti na mwingine, na mkondo hupanda huku na kushuka kule. Ng'ombe wako hatarini zaidi, kwa sababu miguu yao ya mbele na ya nyuma imeachana sana na mkondo hupita karibu na moyo. Aliyejiunganishia mwenyewe anajua pa kutokanyaga. Watoto wa jirani hawajui.

Kama umehamia nyumba ya kupanga, anza kwako, maana mita iliyochezewa na aliyekutangulia itakutwa mikononi mwako. Zima swichi kuu. Soketi au taa yoyote ikiendelea kuwaka, kuna njia nyingine ya umeme na si salama kuitumia. Kisha washa swichi kuu lakini zima kila kifaa na uangalie taa ndogo inayopepesa kwenye mita. Ikiendelea kupepesa, huenda kuna mtu anavuta umeme unaoulipia wewe, au waya fulani unavuja. Mwisho washa pasi peke yake. Kwenye mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh, yaani mipepeso 1000 kwa kila uniti, pasi ya wati 1000 hupepesa mara moja kila sekunde nne hivi. Taa ikikawia mno au isipopepesa kabisa, mita haipimi sawasawa. Usifungue kifuniko kutafuta sababu, na usimwite kishoka, fundi asiye rasmi, aje "kurekebisha". Toa taarifa mapema, jina lako likiwa bado safi.

Kwa jirani, tahadhari. Kununua uniti chache si ushahidi. Wapo wanaopikia gesi na kuwasha taa za sola, na wapo wa D1, kundi la wateja wa TANESCO lililowekewa bei nafuu kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Ripoti kile macho yako yameona: waya ulioning'inizwa kwenye laini bila kupita kwenye mita, mita iliyovunjwa lakiri, nondo yenye waya uani, mtu anayepanda nguzo usiku bila kitambulisho.

Simama mbali, usiguse, usipande, usimkabili mtu. Andika namba iliyo kwenye nguzo, jina la mtaa na saa, kisha piga 180, huduma kwa wateja ya TANESCO, au nenda ofisi ya wilaya. Sema wazi kwamba hutaki jina lako litajwe, na uombe namba ya taarifa yako ili uweze kufuatilia. Usiweke picha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: mhusika ataung'oa waya kabla wakaguzi hawajafika, nawe utakuwa umejitangaza. Waya ukiwa umeanguka chini, au nondo imeshamrusha mtu, usisubiri ofisi ifunguliwe; piga simu hapo hapo ueleze kuwa ni dharura, na uwazuie watu wasisogee mpaka laini izimwe.