Mseto, manjano na utando wa seli: yanayosemwa Mtwara na ukweli wake

"Mseto unywe tumbo likiwa tupu, ndiyo unapiga homa sawasawa." Utalisikia hili Chikongola, utalisikia Mikindani, na wanaolisema hawana hata chembe ya wasiwasi.

Mambo ni kinyume. Vidonge vya mseto tunavyopewa tukikutwa na malaria vina dawa mbili, artemetha na lumefantrini. Hii ya pili inapenda mafuta na maji haiyataki kabisa. Ikikuta tumbo tupu, sehemu kubwa inabaki punjepunje, na punje haiwezi kupenya utando wa seli za utumbo. Inapita zake hadi chooni. Mlo wenye mafuta huita nyongo, nyongo huyavunja mafuta kuwa matone madogo mno, na dawa husafiri humo mpaka kwenye ukuta wa utumbo. Kwa watu wazima wenye afya waliopimwa, mlo wa mafuta mengi uliongeza lumefantrini iliyoingia mwilini takriban mara 16.

Na wala huhitaji kuchinja kuku. Katika utafiti wa watu wenye afya waliojitolea, ilikadiriwa kwamba maziwa ya soya kidogo, yenye gramu 1.2 tu za mafuta, yanatosha kukaribia kiwango cha juu cha ufyonzwaji. Kwetu huku kisamvu cha nazi kinatosha, au korosho kiganjani kwa asiye na hamu ya kula. Muhogo wa kuchemsha kwa chai ya rangi ndio hausaidii, mafuta hayamo.

"Basi dawa ikipenda mafuta zaidi ndiyo bora zaidi." Hapana. Utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta zenye unene wa nanomita 4 hadi 5 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), na pande zote mbili kuna maji. Dawa iliyozidi kupenda mafuta huingia humo ikakwama.

"Utando wa kuigiza, ule watafiti wanaoutengeneza ili kupimia dawa, ni mchezo wa maabara tu." Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Uingereza, Alec Bangham alichanganya mafuta ya kiini cha yai na maji, akaona yanajikunja yenyewe kuwa vifuko vyenye utando kama wa seli. Ndiyo liposomu. Mtafiti huvijaza rangi, huongeza dawa, kisha huangalia kama rangi inavuja na dawa imezama kiasi gani. Leo vifuko hivyohivyo hubeba amfoterisini B, dawa ya fangasi, kwa wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi, na figo haziumii kama zinavyoumia kwa dawa hiyohiyo ya aina ya zamani, isiyo ndani ya vifuko.

Dhana inayoniudhi zaidi ni hii ya upande wa pili: "Maabara imethibitisha, manjano yanapasua seli za saratani." Hata sabuni ya kufulia inapasua seli. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba kurkumini ya manjano, pamoja na kemikali nyingine kadhaa za mimea, huyumbisha tabaka la mafuta la utando wenyewe. Utando ukiyumba, protini nyingi zilizopandikizwa humo hubadili tabia kwa pamoja, hata zisizohusiana. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya kurkumini kuonekana "inafanya kazi" katika karibu kila jaribio la chupa, iwe saratani, kisukari au malaria. Anayekuuzia unga wa manjano kwa hoja hiyo muulize kama umewahi kujaribiwa kwa wagonjwa wenyewe, na kwa kipimo gani. Kwenye pilau yaendelee, sina ugomvi nayo.

"Klorokwini iliacha kutibu kwa sababu walianza kuichakachua." Dawa feki zipo, lakini Tanzania haikuiacha dawa hii ya malaria mwaka 2001 kwa sababu hiyo. Klorokwini hupita utando ikiwa haina chaji ya umeme, huingia kwenye kifuko chenye asidi ndani ya kimelea, hupata chaji humo na kunaswa. Vimelea sugu vina protini iliyobadilika, PfCRT, kwenye utando wa kifuko hicho, nayo huitoa klorokwini nje. Liposomu ya mafuta matupu isingekuonyesha usugu huo hata ungeipima mwaka mzima, maana protini haimo. Siku hizi watafiti huipachika PfCRT yenyewe kwenye utando wa kuigiza, wakapima klorokwini inavyovushwa kutoka upande mmoja hadi wa pili.