Marufuku ya Uswisi haikumwokoa Jo Siffert

Kazi yangu ni usalama kwenye mbio za magari, na kila ninapofundisha wasimamizi wapya wa pembeni ya barabara, kuna anayeuliza: kama michezo hii inaua, kwa nini nchi zisifanye kama Uswisi ilivyofanya, zipige marufuku? Swali ni la haki kabisa.

Kati ya 1934 na 1954, Grand Prix ya Uswisi, mbio kubwa za magari za nchi hiyo, ilifanyika Bremgarten, pembeni ya jiji la Bern. Mzunguko ulikuwa wa kilomita 7.28, ukipita msituni, kona baada ya kona, pasipo mahali pa kupumzisha mikono. Miti ilisimama karibu mno na barabara. Siku ya mvua ndiyo ilikuwa hatari zaidi: unatoka kwenye mwanga unazama kwenye kivuli ukiwa kasi, na barabara iliyo chini ya majani huenda bado imelowa wakati sehemu nyingine imeshakauka. Mwaka ule ule wa kwanza, Mwingereza Hugh Hamilton aligonga mti akafa. Mwaka 1948 Achille Varzi wa Italia alikufa mazoezini, na kwenye mbio zenyewe akafa Christian Kautz, Mswisi.

Vifo hivyo vyote havikufunga Bremgarten. Kilichoifunga kilitokea Ufaransa. Tarehe 11 Juni 1955, kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Mercedes ya dereva Pierre Levegh iligonga gari jingine ikaruka, na vipande vyake vikawapiga watazamaji. Walikufa zaidi ya watu 80. Uswisi ilifuta mbio zake za mwaka huo, kisha sheria ya barabarani ya 1958, kifungu cha 52, ikakataza mashindano ya hadhara ya magari kwenye mzunguko. Mbio za kupanda mlima, gari moja moja likishindana na saa, ziliachwa ziendelee, na Waswisi wanazipenda hadi leo.

Kwa hiyo madereva wake wa langalanga (Formula 1) walikwenda kushindana ugenini. Hata Grand Prix ya Uswisi yenyewe ilihamia Dijon, Ufaransa: Clay Regazzoni, Mswisi, aliishinda mwaka 1975 ikiwa nje ya hesabu za ubingwa, na mwaka 1982 ikahesabiwa, akashinda Keke Rosberg wa Finland. Timu ya Sauber kutoka Hinwil iliingia langalanga mwaka 1993 ikitokea nchi ambayo haikuruhusiwa kushindana nyumbani.

Jo Siffert, kijana wa Fribourg, ndiye anayenigusa zaidi. Mwaka 1968 alishinda Grand Prix ya Uingereza huko Brands Hatch akiendesha Lotus ya timu binafsi ya Rob Walker, mbele ya Ferrari ya Chris Amon. Oktoba 1971, kwenye uwanja ule ule, gari lake la BRM liliacha barabara, likapinduka na kushika moto. Alivunjika mguu tu. Lakini alinaswa ndani ya gari, waokoaji hawakuweza kumtoa, na moshi ukamuua.

Sheria ya nchi yake ilikuwa na karibu miaka 13 wakati huo, na haikuwa na la kumsaidia. Iliwalinda watazamaji wa Uswisi, na kwa hilo naiheshimu. Lakini hatari ya dereva ilivuka mpaka pamoja naye. Kilichobadilisha mambo kwa madereva waliomfuata ni kanuni zilizokuja baada ya kifo chake: mtungi wa kuzimia moto uliofungwa ndani ya gari lenyewe, na hewa ya kupumua inayopelekwa kwenye helmeti kwa bomba. Ndiyo maana kabla sijawaonyesha wanafunzi wangu bendera hata moja, nawakabidhi mtungi, wausome tarehe, waupime uzito, kisha wawashiwe moto wa kweli wauzime.