Kwa nini mbwa mkubwa hubugia chakula bila kutafuna?

Mbwa wengi wakubwa wa Goma ni walinzi. Mchana hulala nyuma ya ukuta wa mawe meusi ya volkano, usiku hufunguliwa. Wengi hula mara moja tu, jioni: fufu iliyobaki, mchuzi, mabaki ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Aliyeleta sahani hajafika hata mlangoni, imeshalambwa ikang'aa. Watu husema ni ulafi. Mimi nasema tumtazame mdomoni kwanza.

Mbwa mzima ana meno 42, na magego yake makubwa hupishana kama mkasi. Taya lake hupanda na kushuka tu. Haliendi kando kusaga kama letu. Mate yake nayo hayavunji wanga kama ya binadamu. Kazi hiyo huanzia kwenye utumbo mdogo, kwa msaada wa kongosho. Na fufu haimshindi: mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba mbwa wa nyumbani ana nakala nyingi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga, wakati mbwa mwitu wa nchi za baridi, ndugu yake wa damu, ana 2 tu. Basi atafune fufu ili apate nini? Hata utamu hauhitaji muda mrefu ulimini, kwa sababu vionja ladha vyake ni kama 1,700, vyetu kama 9,000. Pua ndiyo humwambia kama chakula ni kizuri, na imeshamwambia kabla hajafungua mdomo.

Kuna urithi pia. Wanyama wanaowinda kwa kundi hugombania nyama moja, na anayechelewa hulala njaa. Ndiyo maana mbwa mwingine huchota tonge, akaenda kulila pembeni ya ua, kisha akarudi kuchota jingine. Ndiyo maana pia hunguruma mtoto akimsogelea anapokula. Watoto wafundishwe kumwacha amalize.

Linalonisumbua ni hatari ya tumbo kujipinda. Mbwa mwenye kifua kirefu, kama German Shepherd, Great Dane au Bloodhound (aina inayofuata nyayo za majangili katika Hifadhi ya Virunga), akijaza tumbo haraka anaweza kuvimba kwa hewa, kisha tumbo likazunguka na kuziba pande zote mbili. Damu haipiti tena vizuri, na mbwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Lundo moja la chakula kwa siku huongeza hatari hiyo, na hivyo ndivyo walinzi wetu wengi wanavyolishwa.

Gawa chakula kilekile asubuhi na jioni, na umpumzishe baada ya kula kabla ya kumfungua akimbie. Kitandaze kwenye sinia pana. Unaweza pia kuweka katikati ya sahani jiwe laini la ufukweni, kubwa kiasi kwamba haliingii mdomoni mwake, ili alizunguke akila. Usitumie jiwe la lava lenye makali, litamchana fizi.

Ukimwona tumbo limekaza, anatokwa na udenda, hatulii, anajaribu kutapika na hakuna kinachotoka, usisubiri kupambazuke wala usimnyweshe mafuta. Mpigie daktari wa mifugo saa hiyohiyo, kwa sababu tumbo lililojipinda hurudishwa kwa upasuaji tu.