Huduma ya Figo kwa Hisani: Maana Yake kwa Watu wa Visiwa vya Lamu

Huduma ya figo kwa hisani ni kazi ya kumfikishia mgonjwa wa figo asiye na uwezo kile ambacho mwenye fedha hujinunulia mwenyewe, kiwe kipimo, dawa, kusafishwa damu, nauli ya kwendea hospitali au upasuaji wa kupandikizwa figo. Wanaoifanya huwa ni watu binafsi, jumuiya za misikiti na makanisa, mashirika yasiyo ya serikali na wataalamu wanaojitolea muda wao. Hapa Lamu, likitajwa jambo hilo, fikira za wengi hukimbilia mashine ya kusafishia damu, ilhali mashine ni kipande kimoja tu cha kazi na, kwa maoni yangu, ndicho kipande kinachopata wafadhili kwa wepesi kuliko vyote. Ili kuelewa hisani hii inafaa wapi, ni lazima kwanza kuuelewa ugonjwa wenyewe, kwa kuwa kila hatua yake inahitaji utoaji wa namna yake.

Figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kila siku, kisha hurudisha mwilini karibu yote na kuacha lita moja au mbili zitoke kama mkojo. Pamoja na kuondoa taka, figo hupima chumvi na maji ya mwili, husaidia kudhibiti presha, na hutoa homoni inayouamsha mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu, ndiyo maana mgonjwa wa figo aliyefika mbali huwa pia amepungukiwa na damu. Ugonjwa huitwa sugu hitilafu ikidumu zaidi ya miezi mitatu, na madaktari huugawa katika hatua tano kwa kukadiria uwezo wa figo kuchuja. Tatizo ni kwamba hatua za mwanzo hazina maumivu. Mtu huendelea kuvua samaki, kupika, kupanda ngazi za nyumba ya mawe, na siku anapovimba miguu, kukosa hamu ya kula na kutapika, mara nyingi figo zimebakiwa na sehemu ndogo sana ya nguvu zake.

Visababishi viwili vikubwa duniani ni kisukari na presha, na vyote viwili vimezoeleka pwani kiasi kwamba watu huvitaja kama sehemu ya uzee. Kwetu huongezeka kichocho, ambacho kikikaa muda mrefu bila kutibiwa huweza kuziba njia ya mkojo na kuziumiza figo kutoka chini. Yapo pia maambukizi ya HIV na ya homa ya ini aina ya B. Na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo mtu mwenye maumivu ya mgongo hununua dukani na kuzimeza kwa miezi bila kuandikiwa na daktari. Chumvi nayo haikwepeki katika mazungumzo haya. Papa mkavu na ng'onda ni chakula chetu cha asili, na sidhani kama kuna mtaalamu wa lishe atakayewafanya watu wa Pate waviache, lakini mwenye presha anaweza kuambiwa aviroweke usiku kucha, amwage maji na avile mara chache.

Kwa kuwa ugonjwa huu hauna dalili mwanzoni, hisani yake ya kwanza ni upimaji. Vifaa vyake ni vya bei ndogo. Mpimaji huchovya katika kikombe cha mkojo kijiti chembamba chenye vijisehemu vya rangi, hukitoa, hukipangusa ukingoni mwa kikombe na husubiri kama dakika moja. Kijisehemu cha protini kikibaki manjano, ni salama, na kikigeuka kijani, kadiri kijani kinavyokolea ndivyo protini inavyokuwa nyingi. Figo nzima haiachi protini nyingi ipite, kwa hiyo rangi hiyo ni onyo linalostahili kufuatiliwa. Ikiongezwa mashine ya presha, kipimo cha sukari cha tone la damu ya kidoleni, na sampuli ya damu ya kupimia kreatinini, taka ambayo hujikusanya damuni figo zikidhoofika, kwenye maabara, mtu ameshachunguzwa vya kutosha kuanzia matibabu. Dawa kama enalapril na losartan, ambazo si ghali, hushusha presha na pia hupunguza uvujaji wa protini, hivyo huweza kuchelewesha kwa miaka haja ya mashine.

Ni hapa ambapo ninazilaumu kambi nyingi za matibabu. Madaktari huja kwa siku moja au mbili, hema hufungwa, watu hupangwa foleni tangu alfajiri, picha hupigwa, na mtu huondoka na karatasi inayosema presha yake iko juu. Baada ya hapo hakuna anayejua kama alipata dawa za mwezi wa pili. Kambi ya namna hiyo imempa mgonjwa habari, haijampa matibabu. Kambi inayostahili kuitwa huduma huwa imekubaliana mapema na zahanati ya kijiji juu ya nani atatunza daftari la waliokutwa na hitilafu, dawa zitatoka wapi, na nani atawarudia.

Kuwarudia watu wa visiwani si jambo jepesi. Mgonjwa wa Kizingitini au Faza anayekwenda mji wa Lamu hutegemea boti, na njia fupi ya Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, ina kina kifupi kiasi kwamba maji yakipwa sana nahodha hana budi kusubiri yajae au kuzunguka baharini. Msimu wa kusi, kuzunguka huko mgonjwa aliyedhoofika hakuwezi. Kwa sababu hiyo huduma inayoeleweka zaidi hapa ni ile inayomfuata mtu alipo. Shirika la Safari Doctors, lililoanzishwa na Umra Omar, mwenyeji wa Lamu, limejulikana hata ng'ambo kwa kupeleka kliniki za kawaida kwa mashua hadi vijiji vya mbali; si shirika la figo, lakini limeonyesha njia ambayo upimaji wa figo unaweza kuifuata. Vilevile, tangu Septemba 2023 serikali ya Kenya imewapa wahudumu wa afya wa jamii mikoba yenye mashine za presha na vipimo vya sukari. Mfadhili anayewaongezea watu hao vijiti vya kupimia mkojo na kuwalipia nauli ya boti amefanya mengi kwa fedha kidogo, ingawa hakuna utepe wa kukata.

Mashine ina nafasi yake, na ni haki kuieleza. Willem Kolff, daktari wa Uholanzi, alitengeneza mashine ya kwanza ya kusafishia damu ya binadamu mwaka 1943, wakati nchi yake ikiwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, akatumia mirija ya selofani iliyokusudiwa kutengenezea soseji. Baada ya vita alizigawa mashine zake bure kwa hospitali za nchi nyingine, zikiwemo za London na New York. Tunaweza kusema kwamba hisani iliingia katika tiba hii tangu siku zake za mwanzo. Kwa miaka mingi, hata hivyo, mashine ilimfaa tu mgonjwa ambaye figo zake zilitarajiwa kupona, kwa kuwa kila safari ya kusafishwa iliharibu mishipa. Mwaka 1960 Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alibuni mrija wa kukaa mkononi, na ghafla ikawezekana kumsafisha mtu yuleyule kwa miaka. Fedha na mashine hazikuwatosha wote, basi jijini humo ikaundwa kamati ya raia wa kawaida ya kuamua nani apewe nafasi. Wajumbe waliangalia kazi ya mtu, familia yake na mwenendo wake. Aibu na mjadala uliotokea vilichangia Marekani kupitisha sheria mwaka 1972 ya kuwalipia karibu wagonjwa wote wa figo zilizoshindwa kabisa. Kila shirika la hisani lenye nafasi chache na maombi mengi hujikuta limekaa katika viti vya kamati ile, na ni vyema likaandika vigezo vyake waziwazi kabla ya mwombaji wa kwanza kufika, maana katika mji mdogo kama wetu mwombaji huyo huenda akawa shemeji wa mweka hazina.

Leo mgonjwa huwekewa sindano mbili mkononi, damu hutoka kwa moja, hupita kwenye chujio na hurudi kwa nyingine, kwa muda wa saa nne hivi. Kipimo kinachopendekezwa kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki. Nchini Kenya wengi hupata mara mbili, ambazo ni mara 104 kwa mwaka. Kila mara mashine hutumia takriban lita 120 za maji yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu kuliko maji ya kunywa, na mtambo wa kuyasafisha humwaga mengine mengi. Mji wa Lamu hutegemea visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga, na sote tunajua maji yake yanavyobadilika ladha chumvi ikizidi. Anayetoa mashine bila kuuliza habari za maji, umeme wa akiba, machujio, fundi na muuguzi aliyesomea kazi hiyo, huenda ametoa sanduku la kufunikwa shuka.

Mpango wa serikali wa kukodi vifaa ulioanza 2015 ulipeleka mashine katika hospitali nyingi za kaunti, na bima ya taifa, ambayo tangu Oktoba 2024 iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), hulipia usafishaji wa damu kwa waliosajiliwa. Pengo lililobaki ni la mambo yasiyoandikwa kwenye risiti ya mashine: michango ya bima iliyokatika, sindano za kuongeza damu, upasuaji mdogo wa kuunganisha mishipa ya mkono ili sindano zipate pa kuingia, chakula cha anayemsindikiza, na kodi ya chumba Malindi au Mombasa kwa mtu wa kisiwani. Huhitajika pia mtu wa kumweleza mgonjwa kwamba madafu, tende na ndizi, ambavyo sisi humpelekea kila mgonjwa kwa mapenzi, vina potasiamu nyingi inayoweza kuusimamisha moyo wa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi.

Wapo wagonjwa wengine ambao kwao hisani ya mara moja inatosha. Figo huweza kushindwa ghafla kwa mtoto aliyeharisha sana, kwa mwenye malaria kali au kwa mama aliyevuja damu wakati wa kujifungua, na akisafishwa siku chache figo zake mara nyingi hurudi. Mpango wa kimataifa wa Saving Young Lives, ulioanza 2012 kwa ushirikiano wa jumuiya za wataalamu wa figo, hufundisha hospitali za Afrika na Asia kumsafisha mgonjwa kama huyo kwa kutia majimaji tumboni na kuyatoa, bila mashine wala umeme mwingi.

Kwa mgonjwa sugu hali ni nyingine, na harambee, hata ikichangiwa vizuri, humalizika ilhali yeye bado ana miadi Jumatatu na Alhamisi. Utoaji unaolingana na haja yake ni wakfu, ambamo mali yenyewe hubaki na pato lake hutumika. Nyumba moja ya kupangisha katika mtaa wa Langoni iliyowekwa wakfu inaweza kulipa nauli za boti mwaka hadi mwaka, na zaka ya kila mwaka inaweza kujaza palipopungua, kwa kuwa mafukara na masikini ndio wa kwanza kutajwa miongoni mwa wanaostahili zaka.

Kupandikizwa figo humwondoa mgonjwa kwenye mashine. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inakataza kuuza na kununua viungo, kwa hiyo hisani haiwezi kumtafutia mgonjwa figo kwa fedha. Inaweza kulipia vipimo vya ndugu anayejitolea, safari zao na siku ambazo ndugu huyo hatafanya kazi. Baada ya upasuaji, mgonjwa humeza kila siku dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo mpya, na huzimeza kwa muda wote figo hiyo itakapofanya kazi. Kamati inayochangisha gharama za upasuaji inapaswa kuziweka dawa hizo katika hesabu yake tangu kikao cha kwanza.