Si kila gaga mdomoni ni miiba

Kitoto cha mbuzi kina magaga mazito ya kahawia kwenye pembe za mdomo, na kunyonya hataki. Ukimuuliza mwenye zizi, jibu lipo tayari: "Miiba ya migunga hiyo."

Miiba haiwachomi vitoto kumi na tano ndani ya wiki moja. Inachofanya ni kuchubua ngozi, kisha kirusi cha orfu, ugonjwa wa vidonda vya mdomo vya mbuzi na kondoo, kikapata pa kuingilia. Mgeuze mama yake utazame chuchu. Kitoto humwambukiza anaponyonya, mama akisikia maumivu anampiga teke, na mara nyingi kinachoua hapo ni njaa. Mgonjwa wa orfu asipopata bakteria juu yake, hupona kwa wiki tatu hivi au nne, lakini magaga yaliyodondoka kwenye banda kavu hubaki na virusi hai kwa miezi mingi.

"Vidonda vya ngozi ni vilevile tu." Hapana. Inua mkia. Pitisha vidole kwapani na kwenye kinena, penye manyoya machache. Ukikuta vinundu vigumu vya mviringo, mnyama ana homa ya nyuzi 40 na zaidi, makamasi yanatoka na anapumua kwa shida, fikiria ndui ya mbuzi na kondoo. Hiyo hufika hadi mapafuni na huua wadogo wengi. Usihamishe mnyama, mwite afisa mifugo siku hiyohiyo. Kondoo mwenye manyoya marefu huyadanganya macho, kwa hiyo amini vidole. Kama kuna magaga mdomoni pamoja na kuhara na matongotongo, sotoka ya mbuzi, ugonjwa mwingine wa virusi, nayo iwe kwenye hesabu.

"Nilimchoma antibayotiki akapona, basi haikuwa virusi." Hili ndilo linalonichosha zaidi. Orfu hupona yenyewe. Sindano iliua bakteria waliovamia kidonda, ikajichukulia sifa zote.

Wengine hupeleka damu peke yake maabara. Kata kipande cha kinundu au bandua gaga bichi, weka kwenye barafu, na upeleke ndani ya wiki ya kwanza ya dalili, kabla kingamwili hazijakidhoofisha kirusi. Kipimo cha PCR, kinachotafuta jeni za kirusi chenyewe, ndicho kinachotenganisha magonjwa haya. Kupima kingamwili hakuwezi kukwambia kama ni ndui ya kondoo au ya mbuzi, maana virusi hivyo vinafanana mno, na kirusi cha ugonjwa wa mapele ngozi ya ng'ombe ni ndugu yao. Hata wataalamu vimewachanganya: kirusi cha chanjo kiitwacho O-240, kilichotoka Kenya kikihesabiwa cha ndui ya kondoo na mbuzi, jeni zake ziliposomwa kikaonekana ni cha mapele ngozi.

"Ugonjwa wa mbuzi haumpati mtu." Ndui ya mbuzi, sawa. Orfu humpata: uvimbe mwekundu kwenye kidole siku chache baada ya kumshika mbuzi mgonjwa mdomo. Vaa glavu kabla hujaufungua huo mdomo kuukagua.