Je, wajua? Kwa nini dawa ya malaria haikutoka kwenye majani yaliyochemshwa

Ukipewa mtishamba na kuambiwa ni dawa, jambo la kwanza unalowaza ni kuuchemsha. Waganga wa China walikuwa na desturi hiyohiyo, na watafiti wao wa miaka ya 1960 wakaifuata. Kwa mmea mmoja tu, desturi hiyo nusura itupotezee dawa ambayo leo ndiyo tegemeo la tiba ya malaria duniani.

Mmea huo kwa Kichina ni qinghao, kitaalamu Artemisia annua. Tarehe 23 Mei 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ukaitwa Mradi 523 kwa kufuata mwezi na tarehe. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na askari wa Vietnam Kaskazini walikuwa wakiugua malaria iliyoshaanza kuwa sugu kwa klorokwini, dawa ya malaria iliyotumika wakati huo. Mwaka 1969 mtaalamu wa dawa wa Beijing, Tu Youyou, akakabidhiwa kikundi cha kupekua tiba za jadi. Walikusanya tiba zaidi ya 2,000 kutoka vitabu vya kale na kwa waganga, kisha wakajaribu dawa zaidi ya 380 za mitishamba kwa panya wenye malaria.

Qinghao ilianza vizuri, ikazuia vimelea kwa asilimia 68. Waliporudia jaribio, matokeo yakashuka hadi kati ya asilimia 12 na 40. Mmea uleule, panya walewale, na dawa haionekani.

Tu akarudi vitabuni. Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, alikuwa ameandika maelekezo mafupi mno kuhusu homa za vipindi, zinazokuja na kuondoka kama za malaria: chukua konzi ya qinghao, iloweke katika vipimo viwili vya maji, ikamue, unywe maji yake yote. Hakutaja moto popote. Tu akajiuliza: je, kuchemsha ndiko kunakoiua dawa?

Akaacha maji akatumia etha, kioevu kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi, yaani kabla hata ya kufikia joto la mwili wa binadamu. Tarehe 4 Oktoba 1971, sampuli namba 191 iliwasafisha panya vimelea kwa asilimia 100, halafu na nyani. Kazi yenyewe haikuwa ya kistaarabu. Viwanda vya dawa vilikuwa vimesimama wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, zile vurugu za kisiasa za China ya Mao, kwa hiyo waliloweka majani kwa etha katika mapipa makubwa ya maji ya nyumbani, ndani ya vyumba visivyopitisha hewa vizuri, na baadhi yao wakaugua. Mwaka 1972 Tu na wenzake wawili wakainywa wenyewe kwanza kabla ya kumpa mgonjwa yeyote.

Hapa ndipo ninapoona utamu wa kisa hiki: dhana yake ilikuwa sahihi nusu tu. Artemisinini, yaani dawa yenyewe iliyomo katika qinghao, ikisafishwa ni fuwele nyeupe zinazoyeyuka kwenye nyuzi 156 hivi, kwa hiyo joto la maji yanayochemka peke yake halielezi kila kitu. Tatizo lingine ni kwamba haipatani na maji, huyeyuka humo kidogo sana. Kwenye jani hukaa ndani ya vifuko vidogo mno vya mafuta vilivyo juu ya ngozi ya jani. Etha ilibadilisha mambo mawili kwa mpigo, ikapunguza joto na ikavuta kile ambacho maji hukiacha majanini. Hata Ge Hong, kwa kukamua majani, alikuwa akiyatoa mafuta hayo pamoja na maji bila kujua kemia yake.

Na kwa nini inaua kimelea bila kumuua mgonjwa? Ndani ya molekuli ya artemisinini kuna atomu mbili za oksijeni zilizoungana zenyewe kwa zenyewe, kiungo dhaifu kilicho tayari kukatika. Kinachokikata ni madini ya chuma. Kimelea cha malaria kikiingia katika chembe nyekundu ya damu, hula himoglobini iliyomo, yaani protini inayobeba oksijeni, na kila kinapoimeng'enya hubaki na hemu, sehemu yenye chuma. Artemisinini ikikutana na chuma hicho, kiungo hukatika na vipande vyake hushambulia protini za kimelea kila upande. Katika chembe isiyo na kimelea, hemu imefungwa ndani ya himoglobini, na dawa hupita bila kuwashwa. Kwa maneno mengine, kimelea huuawa na ulafi wake.

Basi fikiria kimelea kikipunguza kula. Ndivyo ilivyotokea. Mwaka 2014 watafiti waliofuatilia malaria sugu nchini Kambodia waligundua mabadiliko katika jeni iitwayo Kelch13 ya kimelea, na baadaye mabadiliko ya jeni hiyohiyo yakaonekana Rwanda na Uganda. Mwaka 2020 ikaonyeshwa kwamba protini ya Kelch13 husaidia kimelea kichanga kumeza himoglobini. Jeni ikiharibika kidogo, kimelea humeza kidogo, chuma kinachoachiliwa hupungua, na dawa hukosa cha kuiwasha katika saa zile za mwanzo. Kimelea hudhoofika kwa njaa lakini huvumilia.

Artemisinini na ndugu zake hutoka mwilini ndani ya saa chache tu, kwa hiyo kimelea kilichojibana saa hizo kinaweza kuinuka tena. Ndiyo sababu hutolewa kama dawa mseto, pamoja na dawa ya pili inayokaa katika damu kwa siku kadhaa, ikivingoja vimelea vilivyosalia vianze kula.