Tundu Wazi la Soketi Si Umeme

Katika mashindano ya kuchoma nyama yaliyofanyika karibu na Jinja, nilikosimamia umeme wa jenereta, mpishi mmoja ninayemheshimu aliniita kwenye hema lake, akanionyesha ekstensheni yenye matundu manne. Birika la wati 2,200 na friza vilikuwa vimechomekwa, na mkononi alishika waya wa jiko la sahani moja la wati 1,500. “Fundi,” akasema, “matundu mawili yako wazi, mbona unanikatalia?” Nikamjibu, “Hajati, matundu yapo, ila umeme umekwisha.” Alicheka akidhani ninamtania, na kwa kuwa nimekwisha kuulizwa swali hilo na wapishi, waandaaji, hata na jaji mmoja, leo nalijibu kwa maandishi.

Plagi yetu ya Uganda hubeba ampea 13, na kwa volti 240 hizo ni wati 3,120, iwe ekstensheni ina tundu moja au matundu sita. Tukijumlisha vyombo vya Hajati, birika huvuta ampea 9 na ushei, jiko 6 na robo, friza karibu moja, na jumla hupita 16. Watu husema: basi fyuzi itakatika, nasi tutajua. Haitakatika! Fyuzi ya plagi ya ampea 13 imeundwa ivumilie mara 1.6 ya kiwango chake, yaani karibu ampea 21, kwa muda usiopungua nusu saa. Mzigo wa Hajati ungepita humo mchana kutwa huku plagi ikigeuka rangi ya kahawa, na fyuzi isingesema neno.

Breka nazo, yaani swichi zinazojikata zenyewe mzigo ukizidi, zina subira zake. Mimi huipa kila timu breka ya ampea 6, na bado kuna anayechomeka birika, maji yanachemka kwa dakika nne au tano kabla breka haijapata joto la kuiangusha, kisha ananiletea chai kama ushahidi kwamba nilikosea. Chai huwa nzuri. Lakini jenereta iliyoandikwa kVA 10, kipimo cha ukubwa wake, hutoa takriban kilowati 8, na mabirika manne ya namna hiyo yakiwashwa pamoja huimaliza kabla ya friza hata moja kuanza kunguruma. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba mwenye birika huwa amesimama kando ya nusu gunia la mkaa unaowaka.

Sasa nije kwenye roli ya waya, yaani ekstensheni ndefu iliyoviringwa kwenye gurudumu, ambayo ndiyo hasa inayonikera. Roli ya mita 50 huandikwa viwango viwili: cha juu, karibu wati 3,000, ni cha waya uliofunguliwa wote, na cha chini, ambacho mara nyingi ni theluthi yake au pungufu, ni cha waya ulioviringwa. Waya ukipitisha umeme hupata joto, na ukiwa umelaliana tabaka juu ya tabaka joto hilo halina pa kutokea. Mwaka mmoja nilikata roli moja kwa msumeno: tabaka za nje zilikuwa laini na safi kama za dukani, lakini kuanzia la nne kwenda ndani plastiki ilikuwa imeyeyuka ikashikana kuwa donge moja jeusi, nikaziona nyaya za shaba zikichungulia zikikaribia kugusana. Timu ilikuwa imefungua mita 8 tu, kwa sababu hema lao lilikuwa karibu na jenereta na hawakutaka waya utambae ovyo kwenye nyasi. Utambae! Ufungueni wote, muulaze kwa kuupinda kama nyoka, mbali na majiko na njia ya watu.

Kuunganisha roli mbili ni kosa lingine. Waya wa milimita za mraba 1.5 ukibeba ampea 13 kwa mita 50 hupoteza volti 19 hivi, na kwa mita 100 volti 38. Taa itafifia kidogo tu, lakini mota ya friza itashindwa kuanza, itanguruma, itajizima, itajaribu tena, na nyama itapata joto bila mtu kujua, maana kile kitaa cha kijani mlangoni huendelea kuwaka.

Juu ya kuvuja kwa umeme, nakiri kwamba usingizi huniruka. Swichi ya miliampea 30 inayokata umeme unapovuja ni ya lazima kwenye nyasi zenye umande, ila jenereta nyingi ndogo hutoka kiwandani bila nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, kuungwa na fremu ya chuma ya jenereta, na hapo umeme unaovuja hauna njia ya kurudi ambayo swichi ingeigundua. Ukibonyeza kitufe cha majaribio swichi itaanguka vizuri kabisa, kwa kuwa kitufe hicho hakihitaji waya wa ardhi, na fundi mchanga ataondoka ameridhika. Kwa chombo kimoja naweza kuiacha jenereta ilivyo, lakini kwa timu kumi na mbili naunga nyutro na fremu mahali pamoja tu, napigilia fimbo ya shaba ardhini, kisha napima jinsi udongo unavyozuia umeme kupita. Kwenye murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, ukiwa mkavu wa Januari, vipimo hunitia mashaka, namwaga maji, vinashuka, na saa mbili baadaye vimepanda tena. Kwa hesabu, swichi ya miliampea 30 huvumilia hata ardhi mbaya kiasi hicho, lakini bado narudi kupima.

Nami nikipanga mzigo wa uwanja mzima huchukulia kwamba nusu ya timu ndizo zitakazovuta umeme kwa wakati mmoja. Nusu hiyo nimeipata kwa mazoea, si kitabuni, na imewahi kuniangusha mara mbili, zote saa kumi na mbili asubuhi, wapishi wote walipoamka na kutaka chai.